Joto la Vidole Vinne

Ukutani palikuwa na kiganja. Kwa macho hakikuonekana. Kwa macho palikuwa na rangi ya maziwa na kalenda ya parokia tu. Lakini Annastella alipoielekeza kamera ya joto pale, kuijaribu kabla ya kutoka kwenda kazini, kioo chake kilionyesha kiganja cha rangi ya chungwa, bado cha moto, kana kwamba mtu aliyeegemea ameondoka sasa hivi. Na ofisini Kitendaguro alikuwa yeye peke yake. Mwenzake Twaibu alikuwa nje, anafunga ngazi juu ya gari.

Kiganja kilikuwa na vidole vinne. Kile kidogo hakikuwepo.

"Kioo kichafu," Annastella alijisemea. Alikipangusa kwa pindo la blauzi, akazima kamera, akajua anajidanganya.

Kampuni ya bosi wao, Kahangwa, ilizunguka Bukoba na Muleba na kamera ile, ikitafuta joto lililojificha: kwenye transfoma, kwenye swichibodi za zahanati, kwenye mitambo ya kahawa. Kamera kubwa za aina hiyo huhitaji kupozwa ndipo zione. Hii haikuhitaji, ilienea kiganjani. Ila kwa kuwa haipozwi, kila baada ya dakika chache hufumba jicho lake kwa ndani, tk, ikajiweka sawa, kisha ikaendelea kutazama. Annastella aliizoea tk hiyo. Wiki ile ilianza kumfikia kamera ikiwa imezimwa, ndani ya mkoba.

Mkono ule aliujua. Ulikuwa wa Josia, mwendesha mashine wa kiwanda kimoja cha kukoboa kahawa huko Muleba, ambaye kidole chake kilinyofolewa na mkanda wa mashine akiwa kijana. Miezi minne iliyopita, Annastella alipokwenda kukagua swichibodi yao, Josia alimwambia kwa upole, "Dada, hapo kwenye shaba pananuka. Hebu patazame vizuri."

Sasa, shaba inayong'aa haisemi joto lake. Hurudisha joto la vitu vilivyo mbele yake, kama kioo kinavyorudisha sura. Ndiyo maana fundi wa kamera hii hufundishwa siku ya kwanza kabisa: bandika tepu nyeusi juu ya shaba, ngoja, ndipo usome. Annastella alifundishwa. Lakini tepu ilikuwa garini, mvua inapiga, njaa inamuuma. Alisoma shaba tupu. Nyuzi arobaini na moja. Akaandika: salama.

Siku ya tisa kiungo kile cha shaba kikalipuka. Josia alifia kwenye swichi kuu akijaribu kuizima, na wanawake wawili wachambuaji wa kahawa wakaungua. Ripoti ya chanzo cha moto aliiandika Annastella, Kahangwa akaisaini: uzembe wa mwendesha mashine. Nani angepinga? Marehemu hapewi nafasi ya kujibu hoja.

Siku hiyo ya kiganja walikuwa na kazi kwenye zahanati moja upande wa Kashozi. Saa sita mchana, jua kali, Annastella alikuwa amevaa sweta na bado anatetemeka. Twaibu alikuwa ameshika kamera, akamgeuzia yeye kwa mzaha.

"Tuone kama una homa, bibi baridi." Kisha mzaha ukamkauka mdomoni. Akanong'ona, "Usigeuke."

"Nini?"

"Nani kakushika mgongoni?"

"Twaibu, sitaki utani wako."

"Wallahi sitanii. Mkono. Vidole vinne. Na haupoi, dada. Nautazama, haupoi."

Tk, ikafanya kamera, na tk, na tk, haraka, kama mtu anayegonga mlango akijua uko ndani, na harufu ya kahawa iliyoungua ikapanda kutoka kwenye sweta lake mwenyewe, nzito, ikamwingia puani na kooni, na katikati ya mabega yake, mahali ambapo kwa wiki nzima hapakupata joto hata chini ya mablanketi mawili, akahisi kiganja kikimsukuma, taratibu, bila hasira, kama unavyomsukuma mtoto mbele ya watu aombe radhi.

"Hilo jini," alisema Twaibu. "Kamuone shehe."

"Namjua huyu. Si jini."

Alimpigia Kahangwa. "Binti, usiniletee mambo ya mizimu," bosi alimjibu. "Ripoti imefungwa. Ukiifungua, na leseni yako umeichana. Na mahakamani utakwenda peke yako."

Alhamisi alasiri Annastella alifika Kishanda, kwa Edvina, mjane wa Josia, kamera ikiwa mkobani. Ilikuwa zamu ya Edvina kupokea sala ya jumuiya. Mikeka sita ilikuwa imetandikwa. Aliyekaa ni mmoja tu, mzee Bartholomayo, mwenyekiti wa jumuiya. Wengine hawakuwa tayari kusali katika nyumba ya mtu aliyewaunguzia binti zao.

Edvina alimletea mgeni kikapu cha akamwani, kahawa ya kutafuna. Annastella alishindwa kuigusa. Alimwelekea mzee. "Mzee wangu, kuna kitu kinanifuata. Niombee. Nimwagie maji ya baraka."

"Umemkosea nani?"

Annastella alitoa kamera, akaiwasha. Kwenye mkeka uliokuwa mtupu, kando ya Edvina, kioo kilionyesha umbo la mtu aliyekaa, mabega mapana, lenye joto kuliko wote watatu. Bartholomayo alichungulia, akapiga ishara ya msalaba.

"Maji hayafuti ripoti, mwanangu," alisema baada ya kuambiwa yote kwa minong'ono. "Ngoja niwaite wanajumuiya."

Alipita migombani akiita nyumba kwa nyumba. Walikuja shingo upande, wakajaa mlangoni. Annastella akasema mbele yao, kwa sauti iliyokatika: tepu ilikuwa garini. Josia alinionya. Nilisoma vibaya, nikaandika salama, kisha nikaandika kwamba kosa ni lake. Kesho naipeleka barua kwa mkuu wa wilaya. Nitaisaini mimi.

Mama wa binti mmoja aliyeungua alilia kwa sauti, akaingia, akakaa kwenye mkeka wa kwanza. Wengine wakafuata. Kamera ikatulia. Kwenye kioo, lile umbo likaanza kupoa kama nguo iliyovuliwa: vidole kwanza, kisha mabega, kisha kifua.

Edvina aliweka kiganja juu ya mkeka. Akakibonyeza. Akakisogeza, akitafuta joto.

"Miezi minne," alisema, "upande wake wa kitanda haukupoa. Nilikuwa nalala pale. Sikumwambia mtu, wangesema nimechanganyikiwa." Aliinua macho kumtazama Annastella. "Jina lake umelirudisha, asante. Yeye mwenyewe umemwondoa mara ya pili."

Bartholomayo alianzisha sala. Watu wakaitikia, nyumba ikajaa. Edvina hakuitikia. Mkono wake ulibaki pale mkekani, na hakuna aliyethubutu kumwambia auinue.