Mbolea Ikinuka, Inakimbia

Majirani walimwita Mzee Pua, naye hakukasirika. Pua yake ilikuwa kubwa, na ilifanya kazi. Maziwa yakitaka kuchacha, yeye wa kwanza kujua. Mvua ikiwa bado mbali, alishainusa.

Asubuhi moja, umande ukiwa bado kwenye nyasi, alimwaga mfuko mzima wa mbolea ya yurea katika malisho ya ng'ombe wake. Jua likawaka siku nzima. Kesho yake alisimama langoni, akavuta hewa. Harufu ilikuwa kali hadi machozi yakamtoka.

"Mbolea ikinuka hivi, ujue inafanya kazi," alimwambia mkewe.

Mkewe alipiga chafya, akarudi jikoni.

Siku ya tatu mvua kubwa ilinyesha, maji yakatuama bondeni. Baada ya wiki tatu nyasi zilikuwa vilevile, fupi na za manjano. Ng'ombe walikuwa wawili, na chakula kilitosha mmoja. Mkewe akasema lisilosemeka: ng'ombe mweusi aende kwa kaka yake, kwenye majani mengi. Kaka alikubali kuja kumchukua baada ya miezi miwili.

Mzee Pua aliumia sana. Ng'ombe huyo alimlea mwenyewe tangu ndama, na sasa alikuwa na mimba yake ya kwanza.

"Atazalia kwa watu," alisema. Siku hiyo hakumaliza chakula chake.

Mkewe hakukaa kimya. Alimwita bibi shamba, msichana mrefu mwenye buti za mpira, aje kuyaona malisho. Mzee Pua akamsimulia kwa fahari jinsi mbolea yake ilivyonuka. Bibi shamba alicheka mpaka akaushika uzio.

"Mzee wangu, ulichonusa ni mbolea inakimbia."

"Inakimbia kwenda wapi, mwanangu?"

"Hewani. Umande uliiyeyusha, jua likaipandisha. Iliyobaki ikakutwa na mvua kubwa. Nyingine ilioshwa hadi mtoni. Na pale maji yalipotuama, vijidudu vya udongo viliigeuza gesi nyingine. Hiyo haina harufu, hata pua yako haiipati. Inapanda juu na kuongeza joto la dunia."

Mzee Pua aliishika pua yake. Hakuwahi kusikia kuna kitu kimeipita.

"Sasa mimi nimemlisha nani?"

"Umelisha upepo. Nyasi zimeambulia makombo."

Mkewe akadakia, "Hata mtoto humpi chakula cha mwezi mzima kwa siku moja, baba."

Walicheka wote watatu, kisha wakazunguka malisho pamoja. Bibi shamba alimwelekeza agawe mbolea mafungu madogo. Aweke fungu moja kwenye sehemu ng'ombe wakishaihama, na majani mapya yakianza kuchipua. Udongo uwe na unyevu, na mvua ndogo iwe karibu, iizamishe mbolea ardhini. Mvua kubwa ikinukia, asubiri. Penye maji yaliyotuama asiweke. Penye mkojo wa ng'ombe aruke, maana hapo pameshapata mbolea. Alimpa pia mbegu za mikunde ya malisho, kwa sababu mizizi yake hujitafutia mbolea kutoka hewani.

Kusubiri kulimtesa Mzee Pua. Siku mbili alizunguka na ndoo ya mbolea, mkewe akimwambia aiweke chini. Siku ya tatu alinusa, akasema, "Rasharasha inakuja." Akaweka fungu la kwanza. Jioni rasharasha ikaja kweli. Kesho yake alipiga magoti, akanusa udongo. Hakusikia harufu yoyote. Alifurahi kama aliyepata zawadi.

Miezi miwili ilipotimia, shemeji alifika na kamba begani. Alipita langoni, akaingia malishoni. Nyasi zilimfika magotini. Mikunde ilikuwa imeanza kutambaa kati yake. Ng'ombe mweusi alikuwa amelala, tumbo limejaa, anacheua.

"Shemeji, hapa mimi nimekuja kuchukua nini?"

"Chai," alijibu Mzee Pua. "Karibu ndani."

Shemeji alikunywa vikombe viwili, akaomba aelekezwe kwa bibi shamba. Alipoaga, kamba yake ilikuwa tupu.

Wiki iliyofuata, asubuhi, ng'ombe mweusi alizaa ndama jike. Alizalia kwao.