Ukuta Mpaka Darini

Fundi Randa alikuwa seremala hodari, na maneno hayakumpiga chenga. Asubuhi moja muuguzi wa zahanati alifika karakanani kwake na karatasi ya vipimo.

"Fundi, nataka chumba cha vijana. Ukuta wa mbao mpaka darini, na mlango unaofunga vizuri."

Fundi aliendelea kupiga randa. "Vijana wana siri gani? Mwanangu akijifungia na wewe, mimi mzazi niko wapi? Pazia linatosha."

"Pazia halizuii sauti."

"Asiye na baya haogopi kusikika."

Muuguzi hakubishana naye. Aliacha vipimo juu ya meza, akaenda zake.

Nyumbani kwa fundi hali haikuwa shwari. Kifungua mimba wake, binti wa miaka kumi na sita, alikuwa mnyonge wiki ya pili sasa. Alikaa kwa shida, na chakula alikichokonoa tu. Mama yake alimbembeleza aende zahanati. Binti alikataa katakata.

"Nitapona tu, mama."

Fundi aliogopa sana. Mtoto alikuwa anaumwa, na hakuna aliyejua anaumwa nini.

Wiki hiyo hiyo bawasiri ikamshika fundi mwenyewe. Alivumilia siku tatu, ya nne akasalimu amri, akaenda zahanati. Nyuma ya pazia alimweleza muuguzi kila kitu: panapouma, damu aliyoiona, na jinsi anavyokaa upande upande. Muuguzi aliuliza kwa kunong'ona. Fundi, aliyezoea kushindana na msumeno, alijibu kwa sauti ya karakana.

Alipotoka, watu wote kwenye benchi walikuwa wanatazama sakafu. Jirani yake, mama muuza mkaa, alishindwa kujizuia.

"Pole, shemeji. Kalia maji ya uvuguvugu, yanasaidia."

Benchi zima likaangua kicheko. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Muuguzi akamtoa nje, mbali na watu.

"Samahani, fundi. Wewe ni mtu mzima, na ugonjwa wako ni wa kawaida, lakini umeona aibu. Je, msichana mwenye swali la sehemu zake za siri atathubutu kusema, na jirani yake yuko pale kwenye benchi?"

Fundi alimkumbuka binti yake, na moyo ukamuuma.

"Sasa akikwambia, sisi wazazi hutatuambia?"

"Siwaambii bila ridhaa yake. Kijana akijua nitamtangaza, haji. Asipokuja, ugonjwa mdogo unakuwa mkubwa, au anakwenda kununua dawa za vichochoroni. Ila maisha yake yakiwa hatarini, au kama kuna mtu anayemdhuru, nitatafuta msaada, na yeye nitamwambia kwanza."

"Watu watasema unawafundisha watoto tabia mbaya."

"Wanasema. Lakini wengi wanaokuja wana maumivu ya hedhi, miwasho na maswali. Nami huwahimiza wazungumze na wazazi wao. Wengi huzungumza, wakishapata nguvu."

Fundi aliweka kando kazi zote. Kwa siku tatu alipima, akakata, akapigilia, akaziba kila ufa. Alipomaliza alimketisha muuza mkaa kwenye benchi, akajifungia ndani, akaimba kwa nguvu zake zote.

"Umesikia nini?" aliuliza alipotoka.

"Sijasikia kitu. Kwani ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naimba."

"Basi Mungu amenihurumia," alisema muuza mkaa.

Jioni fundi alizungumza kama anaongea na kikombe chake cha chai. "Chumba cha vijana kimekwisha. Aliye ndani hasikiki nje. Hata mimi nikienda kuuliza, siambiwi."

Kesho yake binti alikwenda zahanati peke yake, akarudi na bahasha ya dawa. Fundi alitamani kuuliza mpaka ulimi ukamwasha. Hakuuliza.

Siku ya tano binti alimaliza chakula chake, akaomba kingine. Kisha akamgeukia mama yake.

"Mama, twende chumbani. Nina jambo nataka kukwambia."

Mama alimtazama mumewe.

"Nendeni," alisema fundi. Roho yake ilitulia kwa mara ya kwanza baada ya wiki kadhaa. Akabeba kiti chake, akaenda kukaa nje, upande wa pili wa nyumba.