Aliyelia Nyuma ya Mitambo

Magharibi ilinikuta njiani kutoka Malindi, niko juu ya bodaboda, nimepakata amplifaya kama mtoto mgonjwa. Aliyeniuzia ni mzee wa Kiitaliano aliyekuwa akifunga nyumba arudi kwao. Aliniambia neno moja tu: "Hii haiongezi kitu. Inatoa yote yaliyomo."

Mimi ni fundi wa mitambo ya sauti. Harusi, krusedi za Injili, matanga, kijiji kizima cha Jilore huniita mimi. Hata mke wangu Sidi alipozikwa, mitambo ilikuwa yangu. Watu walilia mpaka wakazirai, na mimi niko nyuma ya spika nakaza waya. Nikarekodi pia, kwa mazoea. Sikulia. Moyoni sikuhisi chochote, na mpaka leo sihisi.

Kwetu macho makavu hayasameheki. Kalama, kaka yake Sidi, alisema wazi mbele ya wazee: "Mchawi hamlilii aliyemla." Ikaamuliwa Jumamosi nile kiapo, shoka la moto lipitishwe kiganjani. Asiye na hatia haungui, wanasema. Mimi ngozi yangu naijua, ingeungua tu.

Nikawaza: nikiyasikia mazishi yale kwenye rekodi kama niko palepale, huenda chozi likatoka, nikatoka nalo nje watu wakaliona.

Nikafunga mlango. Nikaunganisha waya. Nikawasha.

Lo! Miaka yote ya ufundi sijasikia chombo cha namna ile. Sepetu zilichota mchanga hapa miguuni pangu. Mama mkwe alivuta kamasi upande wa dirishani, nikageuka kumtazama. Harufu ya udongo mbichi ikajaa chumba...

Kisha nikasikia mwanamume analia.

Alikuwa karibu na maiki, nyuma ya spika. Siku ile pale nilisimama peke yangu. Alilia akikohoa katikati, kikohozi changu hikihiki cha vumbi, akaita, "Sidi wangu... Sidi..."

Sauti ilikuwa yangu.

Nikazima. Taa nyekundu ikafa. Nikang'oa na waya ukutani.

Kilio kikaendelea.

Sasa kilitoka kitini, hatua mbili tu kutoka niliposimama. Kiti kilikuwa kitupu. Nikajigusa mashavu. Makavu. Nikajigusa koo. Limetulia.

Mlango ukagongwa, taratibu.

"Mlamu," Kalama alinong'ona kule nje. "Usifungue. Lia tu. Nilikuwa napita, nikakusikia." Nikasikia akiuegemea mlango. "Nimekukosea, mlamu wangu. Nitawaambia wazee, hakuna kiapo tena."

Nilitaka kumwambia si mimi. Badala yake nikajiziba mdomo kwa mkono, asije akasikia sauti mbili.

Jumamosi ilipita. Kalama alinichinjia kuku, tukala sahani moja.

Amplifaya nimeitupa mtoni, lakini haikusaidia. Mwezi mzima huyu bwana analia kitini kila jua likizama. Anamtaja Sidi kwa majina ambayo nilimwita tukiwa wawili tu. Majirani wanapita wakisema, maskini, alimpenda. Nami huketi kando yake namsikiliza, na nikiwa mkweli, namwonea wivu.

Juzi alinyamaza ghafla. Nikasikia kiti kikilia, kama mtu aliyegeuka kunitazama.

"Na wewe," aliniuliza kwa upole, kwa sauti yangu, "ni nani katika nyumba hii?"

Nikainuka. Nikaenda nyuma ya spika, nikakaza waya.