Rilei ya Gari la Mtaroni

Ilianza kwa mlio mdogo tu: tak. Fundi Cheche alikuwa ameshachomoa waya wa betri, umeme haupo hata wa dawa, na bado ile rilei ikalia tena, tak.

"Imelegea tu," alijiambia.

Uongo mtupu, jamani! Rilei ni kidude kinachoitikia swichi na kuachia umeme mwingi wa betri uende kwenye taa, ili nyaya nyembamba za swichi zisiungue. Bila umeme, ilikuwa inamwitikia nani?

Taa hizo kubwa zilikuwa za gari la mkewe, aliyekuwa akipeleka watoto shule alfajiri, ukungu ungali umetanda. "Nifungie zinazoona mbali, baba watoto," alimwambia. "Nabeba watoto wa watu."

Jioni Cheche akaliegesha gari mbele ya ukuta wa gereji, akawasha, akasimama na chaki yake aweke alama mwanga unapofika. Mara harufu ya petroli na tope bichi ikamjaa puani, na ukutani kukajitokeza kivuli cha mtu aliyelala chali, kikaanza kuinua mkono, taratibu, taratibu, mpaka vidole vikakifikia kivuli cha Cheche, vikakishika kifundo cha mguu, na Cheche mwenyewe akahisi baridi ndani ya soksi. Alipiga ukelele.

Mkewe akamleta bibi mmoja mganga, mkavu, asiye na maneno mengi. Bibi akainusa rilei, akakunja uso.

"Umeitoa wapi hii?"

Cheche akatazama viatu vyake. Hakuweza kumtazama mkewe. "Kwenye gari lililopinduka mtaroni, bibi. Taa zilikuwa zinawaka. Nilidhani mwenyewe kashaondoka."

"Ulipoichomoa, taa zikazimika?"

"Zikazimika."

"Na mwenyewe?"

"Asubuhi walimkuta chini ya gari. Kafa. Gizani hakuna aliyepita akamwona."

"Ulimsikia?"

"Sikusikia kitu."

Alimsikia! Mguno wa kwanza alijiambia ni chura. Wa pili akaharakisha mkono, akachomoa, akaondoka. Lakini mkewe alikuwa pale, anamtazama kwa huruma, na aibu ikamfunga mdomo.

Bibi akafukiza, akasoma alichosoma, rilei ikaenda kufukiwa mbali. Cheche akafunga mpya, ya dukani, aliyoitoa kwenye boksi lake. Taa zikawaka vizuri, na ukuta ukabaki ukuta. Mkewe akacheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Alfajiri simu ikalia.

"Baba watoto," mkewe alinong'ona. Nyuma yake watoto walikuwa wanalia. "Taa zimezimika zenyewe. Kuna mtu amelala barabarani, hapa mbele yangu. Ameinua mkono."

"Usishuke! Rudi nyuma!"

"Gari haliwaki. Anaongea, ngoja." Akasikiliza. "Anauliza kama siku ile ulimsikia. Nimjibu nini?"

Cheche akashika simu kwa mikono miwili. Neno lilikuwa moja tu, tena fupi, na lilimfika mpaka kwenye ulimi. Akamfikiria mkewe akilisikia.

"Mwambie sikusikia kitu."

Tak.

Watoto wote wakanyamaza.