Oili Chafu Si Dizeli Mpaka Ipikwe

Tuku, tuku, tuku. Loyce aliisikia mashine ya kusaga akiwa bado kisimani. Mumewe, Mathayo, alikuwa amefunga kopo juu ya bomba la moshi. Kinamama wa Mtinko wakilisikia, wanajua unga unasagwa.

Ghafla mlio ulibadilika. Ulienda mbio, ukapanda, kopo likawa linalia mfululizo. Loyce alitua ndoo akakimbia.

Mashine ile ndiyo ng'ombe tisa wa Bibi Martha, mama yake Mathayo. Aliwauza wote akainunua, mwaka watu binafsi waliporuhusiwa kuweka mashine. Hakubakiwa na kitu kingine.

Kibanda kilijaa moshi mweusi. Injini ilitikisika kama inataka kung'oka. Wateja walikuwa wamekimbilia nje.

"Nazima, haizimiki," Mathayo alisema. 

Jirani yao Antipasi, fundi mstaafu wa karakana ya reli Itigi, aliingia mbio. Alikunja gunia, akalibana kwenye tundu la kuvutia hewa. Injini ilikohoa mara mbili. Ikanyamaza.

"Umeinywesha nini?" aliuliza.

"Oili chafu. Ile tunayopaka nguzo za nyumba, mchwa wasile. Dizeli imepanda bei. Nikasema mafuta ni mafuta."

"Nguzo haina pampu ya mafuta, bwana."

Antipasi alijaza oili ile kwenye chupa ya kioo, akaiacha itulie. Kesho yake aliwaonyesha. Chini kulikuwa na maji, tope na chembe za chuma.

"Uchafu huu ulikwamisha pampu, ikawa inamwaga mafuta bila kipimo. Gurudumu lile zito la injini lingepasuka kwa mbio zile, leo tungekuwa tunazika."

"Kwa hiyo haifai kabisa?" Loyce aliuliza.

"Inafaa, shemeji, ikishapikwa. Iko karakana Singida mjini. Wanaichuja, wanatoa maji, wanaichemsha katika tangi lililofungwa. Mvuke wake ukipozwa, unakuwa mafuta ya injini za dizeli. Uchafu unabaki tangini."

"Basi nitachemsha hapa hapa," Mathayo alisema.

"Kwa sufuria ipi, ya ugali? Mvuke ule ukikutana na moto, kibanda kinaondoka na wewe. Kazi yako ni kuitunza kwenye pipa lenye kifuniko. Usiichanganye na maji wala petroli. Usiimwage chini, itafika kisimani."

Antipasi alisafisha pampu na nozeli inayonyunyizia mafuta ndani ya injini. Mathayo alipeleka mapipa mawili ya oili chafu mjini, akarudi na mafuta yaliyopikwa. Aliyachanganya na dizeli kwa kipimo alichopewa karakana.

Jumatatu kopo lilipiga tena. Tuku, tuku, tuku. Moshi ulikuwa mwembamba. Bibi Martha alikuja na fimbo yake, akasimama mlangoni akisikiliza.

"Shikamoo, mama," Mathayo alisema.

"Marahaba. Ng'ombe wangu wazima?"

"Wazima, mama. Nakuahidi mbele ya mke wangu na fundi huyu. Sitawanywesha tena kitu nisichokijua."