Nyumba Moja, Majina Mawili

Katika bonde letu lote hakuna bibi anayeijua kompyuta kama mimi. Najua kuiwasha. Kuizima namwachia mjukuu wangu Tiril, mwenye miaka kumi na miwili.

Majira matatu ya baridi nimeandika habari za mashamba ya bondeni: nani aliishi wapi, nani aligombania mpaka na nani. Wengi walionisimulia wameshazikwa. Yote yalikaa katika folda moja, "mashamba". Kila Ijumaa Tiril alitoka shule, akala mkate wake na jibini la kahawia, kisha akainakili folda hiyo kwenye nyingine iitwayo "akiba", kwa programu ileile ninayoandikia.

Jumamosi moja Aslaug wa maktaba alikuja kuichukua kazi ikachapwe. Tukatafuta "mashamba". Haipo. "Akiba" nayo haifunguki.

"Tiril!" Nilifoka mpaka vikombe vikatetemeka. "Umefanya nini, mtoto wewe?"

"Ulichoniambia! Ulisema nafasi imejaa, nifute moja. Nikanakili kwanza, ndiyo nikafuta 'mashamba'."

"Muongo! Ungenakili, si ingekuwepo?"

"Mimi si muongo, Bibi!" Machozi yalimtoka, machozi ya hasira.

Aslaug akavuta kiti, akachunguza. "Kweli amenakili. Ila hii 'akiba' si folda, Bi Gudny. Ni njia ya mkato, mlango wa pili wa kuingilia 'mashamba'. Folda imenakiliwa juu yake yenyewe."

"Lakini majina ni tofauti!" Tiril akabisha.

"Posta wanaiitaje nyumba hii?"

"Nyhus."

"Na wanakijiji?"

"Kverna."

"Nikiichoma Nyhus moto, utahamia Kverna?"

Tiril akatikisa kichwa.

Bahati yetu, vilivyofutwa vilikuwa bado kwenye pipa la takataka la kompyuta. Aslaug akavirudisha vyote, hadi ugomvi wa mwisho wa mpaka. Pumzi ikanirudia. Hasira haikuondoka.

"Msilinganishe majina tu," Aslaug alisema, naye sasa amekunja uso. "Fuateni kila jina muone linaishia wapi, ndipo mnakili. Programu hii inajua kukagua hivyo, ingekataa na kuwaonya. Lakini kuna mtu kaifunga mdomo. Onyo halizimwi kwa sababu linakera!"

"Tiril!" nikaanza tena.

"Sijagusa mipangilio mimi!"

"Wala mimi," nikasema upesi. "Hata ilipo siijui."

Aslaug akasogelea kioo. "Faili la mipangilio lilibadilishwa Jumanne moja kabla ya nakala ya kwanza, saa nne asubuhi."

"Nilikuwa shuleni," Tiril akasema taratibu.

"Basi labda paka amekanyaga vitufe," nikasema.

"Na hapa, kando ya onyo lililozimwa, pameandikwa," Aslaug akasoma kwa sauti, "'Nyamaza wewe, usiniulize maswali. Nina miaka sabini na tisa.'"

Tiril akafuta machozi kwa mkono wa sweta, akanikazia macho.

"Paka ana miaka minne, Bibi."