Kanuni ya Skrini ya Tisa

Kila siku baada ya shule, Constance alipitia ofisi ya parokia mjini Baraka kumsaidia mzee wa hapo, Papa Fabien, kwenye kompyuta iliyotumia betri ya sola. Walinakili picha za watoto waliopotezana na wazazi vitani, zipelekwe kambini ng'ambo ya ziwa. Mmoja wao alikuwa Gaju, mtoto wa milimani, aliyelala kitanda kimoja na Constance tangu aokotwe njiani.

Kompyuta hiyo ilikuwa na skrini tisa za kubadilisha, moja tu ikionekana kwa wakati mmoja, na haikuruhusu dirisha kufunika jingine. Dirisha jipya likifunguka, mengine yalipungua kulipisha. Papa Fabien aliiandikia kanuni: dirisha la picha lijipeleke skrini ya kwanza, la barua skrini ya pili. Constance alijifunza upesi, akajiona fundi kweli kweli. Vidirisha vya onyo vilipozidi kuzibana picha zake, aliandika kanuni yake bila kuuliza: kila onyo liende skrini ya tisa, ambako hakuna aliyetazama.

Asubuhi ya safari ya boti iliyopeleka disketi ya picha kambini, Constance akiwa ananakili picha ya Gaju, kompyuta ilizimika ghafla. Disketi ikaharibika. Mawingu yalifunika jua, na boti haikusubiri.

"Ni hii batri, imezeeka," Papa Fabien alisema, amekufa moyo. "Nitauzisha kinga yangu, tupate ingine."

Bila baiskeli hiyo, asingefika tena vijijini kuwatafuta watoto. Constance angeweza kunyamaza, lakini machozi yalimtoka.

"Papa, batri haina kosa. Ni miye niliandika kanuni ya kuficha maonyo, hata lile la kusema umeme unaisha."

Jua lilipotoka, waliifuta kanuni ile, na maonyo yakaonekana tena. Lakini mapigano yalikuwa yameshafunga ziwa. Boti hazikwenda tena.

"Kanuni haina macho, mwana wangu," Papa Fabien alisema. "Uliiambia ifiche, ikaficha mpaka ile yenye ilikuwa ya kutuokoa. Kazi yenye unaiachia mashini, uichunge we mwenyewe. Umesema kweli, kinga yangu inabaki. Lakini boti ilishaenda."

Jioni, Gaju alikuwa akimngoja mlangoni.

"Yaya," alisema, kama aitwavyo dada mkubwa, "mama alishaona picha yangu?"

Constance alimwinamia. "Hapana, Gaju. Haikuenda. Ni miye nilikosa."

"Kesho itaenda?"

Alitamani sana kusema ndiyo.

"Sijui," alisema, akamshika mkono wakaingia ndani.